Kudarizi ua la pareto kwa mkono: mishono michache ya msingi, kwa wanaoanza

#1 | Mwenye uzi, Uyole

Salamu kwenu nyote. Ninafungua uzi huu kwa ajili ya wale wanaotaka kuanza kudarizi kwa mkono na ambao huuliza kila mara waanze na ua gani. Wengi huanza na waridi, kwa kuwa ndilo tulilolikuta limechorwa kwenye foronya na vitambaa vya makochi majumbani mwetu, na kwa maoni yangu hapo ndipo wengi wanapokatia tamaa. Waridi lina petali zinazofunikana, kila petali ina kivuli chake, na linadai ujazaji wa rangi ambao mkono mchanga bado hauuwezi. Sisi wa nyanda za juu kusini tunalo ua lililo bora zaidi kwa kuanzia, nalo ni pareto.

Anayeishi Umalila, Makete au Mufindi hahitaji kuelezwa pareto ni nini, lakini ninaomba hata yeye achume ua moja, aliweke mezani na kulitazama kana kwamba hajawahi kuliona. Atakuta petali nyeupe, nyembamba, ambazo kwa kawaida ni karibu 20, zimepangika kuzunguka kitovu cha njano. Kila petali ina mifereji miwili au mitatu inayokwenda kwa urefu, na ncha yake ni butu yenye vijino vidogo. Kitovu chenyewe si kitu kimoja, bali ni mkusanyiko wa vijiua vidogo sana ambavyo hufunguka kuanzia pembeni kuelekea katikati, na ndiyo maana pembeni huonekana pamechangamka na kuinuka huku katikati pakiwa bado pamebana na kuelekea ukijani. Kikonyo ni kirefu, chembamba, na kwa kawaida hubeba ua moja tu. Majani yamechanika-chanika na rangi yake ni kijani chenye ujivujivu, wala si kijani kibichi cha majani ya mahindi.

Nimeeleza haya yote kabla ya kutaja sindano kwa sababu hoja yangu ni moja: umbo la kila sehemu ya ua ndilo linalochagua mshono. Petali iliyo ndefu na nyembamba inataka kitanzi kimoja. Kitovu chenye chembechembe kinataka mafundo. Kikonyo kinataka mstari uliosokotwa, na majani yaliyochanika yanataka mishono mifupi iliyonyooka. Mishono minne inatosha kukamilisha ua zima, na yote inaweza kujifunzwa na mtu ambaye hadi leo amewahi kushona kifungo tu.

Nitaanza na vifaa, kisha mchoro, kisha mishono yenyewe kila mmoja kwa nafasi yake. Ninaomba wenye uzoefu wachangie, na wenye maswali wasisite.

#2 | Mwenye uzi, Uyole

Kuhusu kitambaa. Ua jeupe juu ya kitambaa cheupe hupotea. Hata marekani, ambayo ni kitambaa kizuri mno cha kujifunzia kwa kuwa ni pamba tupu na ufumaji wake unaonekana wazi, ina rangi ya maziwa ambayo huimeza petali nyeupe. Kwa pareto mimi hupendekeza kaniki. Weusi wake ulioingia ubuluu huifanya petali ionekane hata kwa aliye upande wa pili wa chumba, na kitambaa chenyewe kina uzito wa kutosha kubeba mafundo bila kulegea.

Hakikisheni kwamba kitambaa ni pamba kweli, kwa kuwa siku hizi kinachoitwa kaniki dukani huweza kuwa kimechanganywa na nyuzi za viwandani. Chomoeni uzi mmoja kutoka ukingoni na kuuchoma: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, ilhali uzi wa viwandani huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Kisha kifueni kitambaa kabla ya kukigusa kwa sindano, kwa maana pamba hurudi inapofuliwa mara ya kwanza, na ikirudi baada ya kudarizi ua litakunjamana.

Kuhusu uzi, tafuteni uzi wa pamba wa kudarizi, ule unaouzwa katika vifungu vidogo na ambao kila uzi umeundwa na nyuzi sita nyembamba zinazoweza kutenganishwa. Kampuni ya Ufaransa iitwayo DMC, iliyoanzishwa mwaka 1746 mjini Mulhouse, huuza kifungu chenye urefu wa mita 8, na kampuni nyingine nyingi hufuata mpangilio huohuo wa nyuzi sita. Mtahitaji rangi nyeupe, njano iliyokolea, njano yenye ukijani, kijani cha kijivu, na kijivu hafifu kidogo kwa ajili ya kivuli. Uzi wa cherehani haufai kwa kazi hii, kwa kuwa umesokotwa kwa ukaza na hautandazi juu ya kitambaa.

Kateni uzi wenye urefu wa takribani sentimita 45, yaani kutoka ncha ya kidole cha kati hadi kwenye kiwiko na kuzidi kidogo. Uzi mrefu kuliko huo hujisokota, hufunga mafundo pasipotakiwa, na huchakaa kwa kupita kitambaani mara nyingi. Wakati wa kutenganisha, vuteni uzi mmoja mmoja kuelekea juu huku mkishika zilizobaki kwa kidole gumba. Mkivuta miwili kwa pamoja itazongana. Kisha unganisheni tena idadi mnayoitaka. Hatua hii ya kutenganisha na kuunganisha tena huachwa na wengi, lakini ndiyo inayofanya nyuzi zilale sambamba na kung'aa.

Sindano iwe ya kudarizi, yenye tundu refu na ncha kali. Kumbukeni kwamba namba inavyozidi kuwa kubwa ndivyo sindano inavyozidi kuwa nyembamba. Namba 7 au 8 inafaa kwa nyuzi mbili au tatu. Fremu ya duara yenye kipenyo cha sentimita 15 inatosha. Pete ya ndani ya fremu ikizungushiwa utepe mwembamba wa pamba, kitambaa hakiterezi.

#3 | Mchangiaji, Iringa mjini

Kamwene, dada yangu mwenye uzi. Ninakushukuru kwa kuanzisha jambo hili. Ninaafiki kuhusu pareto, lakini kuhusu kaniki ninatofautiana nawe. Kaniki hutoa rangi, na hakuna kinachosikitisha kama kumaliza ua jeupe, kulifua, na kulikuta limegeuka la buluu. Mimi hutumia popilini ya kijani iliyokolea au ya rangi ya damu ya mzee, ambayo rangi yake imeshika. Kwa nini umwelekeze anayeanza kwenye kitambaa chenye hatari?

#4 | Mwenye uzi, Uyole

Kamwene. Hoja yako ni ya haki na inastahili jibu kamili, kwa kuwa ni kweli kaniki nyingi hutoa rangi.

Utaratibu ni kuifua kaniki mara kadhaa, kila mara kwa maji mapya, mpaka maji ya kusuuza yatoke safi. Hata hapo msiamini macho peke yake. Chukueni kipande cha kitambaa cheupe, kiloweshwe, kisha kisuguliwe kwa nguvu juu ya kaniki iliyo na unyevu. Kikibaki cheupe, kaniki iko tayari. Kikichukua rangi, endeleeni kufua. Iwapo baada ya kufua kwa subira bado kinachukua rangi, kaniki hiyo iachwe kwa kazi nyingine, na hapo ushauri wako wa popilini ya kijani au ya damu ya mzee ndio wa kufuata. Popilini hata hivyo ni nyepesi, hivyo ningeshauri kuweka kitambaa kingine chembamba cha pamba chini yake na kuvidarizi vyote viwili kwa pamoja, ili mafundo ya kitovu yasiivute.

Nisichokubali ni kuiacha kaniki kwa sababu ya hatari inayoweza kupimwa kabla ya kazi kuanza. Rangi nyekundu ya uzi nayo hutoka, na hatujaacha kudarizi maua mekundu. Tunaupima uzi kwa kuulowesha na kuubana katikati ya kitambaa cheupe.

#5 | Mwenye uzi, Uyole

Sasa mchoro. Kwenye kaniki penseli haionekani, na karatasi ya kaboni nyeusi haina maana. Tumieni chaki nyeupe ya fundi cherehani iliyochongwa ncha, au kipande cha sabuni ya mche kilichokauka na kukonda ukingoni. Alama ya sabuni ni nyembamba, haipeperuki kama ya chaki, na huondoka kazi inapofuliwa.

Chukueni kizibo cha soda na mzungushe mstari kukizunguka. Huo ndio mpaka wa nje wa petali, na ukubwa wake unakaribiana sana na ua halisi. Katikati yake wekeni kifungo cha shati na mzungushe mstari wa pili. Hicho ndicho kitovu. Kati ya duara hizi mbili mtapata nafasi ya takribani sentimita moja, ambayo ndiyo urefu wa petali.

Nimesema ua halisi lina petali karibu 20, lakini anayeanza achore 16. Sababu yake ni ya kihesabu: 16 hupatikana kwa kugawa nusu kila mara, bila kipimapembe. Piga mstari wa juu kwenda chini, kisha wa kushoto kwenda kulia, utapata sehemu nne. Gawa kila moja nusu, zitakuwa nane. Gawa tena nusu, zitakuwa 16. Kuzunguka kifungo cha shati kila petali itapata zaidi kidogo ya milimita mbili kwenye shina lake, na hiyo inatosha kwa kitanzi cha nyuzi mbili. Ukichora 20, mashina yatabanana chini ya milimita mbili na mkono usiozoea utayapandanisha. Mianya itakayobaki kwenye ncha tutaijaza baadaye kwa rangi ya kijivu.

Kikonyo kisiwe mstari ulionyooka. Pareto iliyosimama shambani huinama kidogo chini ya uzito wa kichwa chake, hivyo choreni mpindo mpole wenye urefu wa sentimita nane hadi kumi. Majani yawekwe chini karibu na mwanzo wa kikonyo, wala si katikati ya safari, kwa kuwa ndivyo mmea wenyewe ulivyo.

#6 | Mchangiaji, Makambako

Shikamoo dada. Nina swali kabla hujaendelea. Kila ninapodarizi, kitambaa hufinyaa kuzunguka ua, na nikikitoa kwenye fremu huonekana kama kimekunjwa. Nimejaribu kupiga pasi lakini hakinyooki. Je, tatizo ni uzi au ni kitambaa?

#7 | Mwenye uzi, Uyole

Marahaba, mdogo wangu. Mara nyingi si uzi wala kitambaa, bali ni mvuto. Kitambaa kinapokuwa kimelegea ndani ya fremu, kila mshono hukusanya nyuzi za kitambaa na kuzileta pamoja, na pasi haiwezi kurudisha kilichofungwa kwa uzi. Kitambaa kikazwe mpaka ukikigonga kwa ukucha kitoe sauti, na kikazwe upya kila baada ya muda kwa kuwa hulegea kazi inavyoendelea. Ukikivuta, kivute kwa kufuata nyuzi zake, yaani juu na chini, kisha kushoto na kulia. Ukikivuta kwa pembe, duara lako litageuka yai mara tu fremu itakapotolewa.

Sababu ya pili ni kuvuta uzi kupita kiasi mwishoni mwa kila mshono. Uzi ulale juu ya kitambaa bila kukikata. Sababu ya tatu ni kuruka kwa nyuma: mtu akimaliza ua moja hupitisha uzi nyuma hadi kwenye ua la pili lililo mbali, na uzi huo hukivuta kitambaa kutoka upande usioonekana. Umbali ukizidi sentimita moja, maliza uzi, ukate, na uanze upya.

Fremu nayo itolewe kila unapoiweka kazi chini. Ikiachwa kwa siku nyingi huacha alama ya duara, hasa ikishika vumbi la kiangazi.

#8 | Mwenye uzi, Uyole

Tuingie kwenye mishono. Mpangilio wangu ni kuanza na kikonyo, kisha majani, kisha petali, na kumalizia na kitovu. Kitovu huwa cha mwisho kwa sababu mafundo yake hufunika mashina ya petali pamoja na kasoro ndogo zilizopo hapo, na kwa sababu mafundo yaliyotangulia huchakazwa na mkono unaopita juu yake.

Msianze kwa kufunga fundo mwishoni mwa uzi. Fundo la nyuma huacha uvimbe, na likifunguka baada ya kufuliwa mshono wote hufuata. Pigeni mishono miwili au mitatu midogo ya bandi, yaani ya kuingia na kutoka tu, juu ya mstari ambao utafunikwa, kisha mshono halisi upite juu yake. Kumaliza ni vivyo hivyo: pitisheni sindano chini ya mishono minne au mitano upande wa nyuma, bila kuchoma kitambaa, kisha mkate.

Kikonyo hudariziwa kwa mshono wa shina, kwa nyuzi tatu za kijani cha kijivu. Kwa anayetumia mkono wa kulia, kazi inakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Sindano inatoka mwanzo wa mstari, inaingia milimita tano mbele, kisha inarudi na kutokea katikati ya hatua hiyo, uzi ukiwa umeshikwa chini ya mstari. Mshono unaofuata unaingia tena milimita tano mbele ya pale ulipotokea, na kurudi hadi kwenye tundu ambapo mshono uliotangulia ulimalizikia. Kila mshono kwa hiyo unalala ubavuni mwa mwenzake kwa nusu ya urefu, na mstari mzima huonekana umesokotwa.

Hapa pana sharti moja lisilovunjwa. Uzi ukianza kushikwa chini ya mstari, ubaki chini hadi mwisho. Mshono mmoja ukishikwa juu, msokoto hukatika mahali hapo, na jicho la mtazamaji huenda moja kwa moja kwenye kosa hilo. Kwenye mpindo, fupisheni hatua hadi milimita tatu, kwa kuwa mshono mrefu hukata kona badala ya kuifuata.

Majani nitayaeleza kwa ufupi. Pigeni mshono wa shina mfupi kama uti wa jani kwa nyuzi mbili, kisha kutoka kwenye uti huo pigeni mishono mifupi iliyonyooka inayoelekea juu na nje, pande zote mbili, bila kuilinganisha sana. Jani la pareto halina ukingo mmoja, kwa hiyo msilizungushie mpaka.

#9 | Mchangiaji, Njombe

Mimi ni mwalimu, na baadhi ya wanafunzi ninaowafundisha kazi za mikono hutumia mkono wa kushoto. Maelekezo haya ya kushoto kwenda kulia huwachanganya, na nimeona wengine wakilazimishwa kubadili mkono. Unawashauri nini?

#10 | Mwenye uzi, Uyole

Mwalimu, ninaomba sana wasilazimishwe. Mshono wa shina kwa mkono wa kushoto unakwenda kutoka kulia kwenda kushoto, uzi ukibaki chini ya mstari vilevile, na msokoto utakaotokea utaelekea upande mwingine, jambo ambalo si kosa hata kidogo. Njia nyepesi ya kuwafundisha ni kukaa mkitazamana, wewe ukidarizi kwa mkono wa kulia na mwanafunzi akikufuata kama anayejitazama kwenye kioo. Vitanzi na mafundo havina upande, isipokuwa uzi uzungushwe kuelekea ule upande ambao mkono unaona wepesi, na uzungushwe hivyohivyo kwenye mafundo yote.

#11 | Mwenye uzi, Uyole

Petali sasa, na hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi.

Mshono ni kitanzi kimoja kilichofungwa, kwa nyuzi mbili nyeupe. Sindano inatoka kwenye mstari wa kitovu, inaingia tena kwenye tundu lilelile au kando yake kabisa, na kabla uzi haujavutwa wote, sindano inatokea kwenye ncha ya petali ndani ya kitanzi. Uvuteni uzi taratibu kuelekea kwenye ncha mpaka kitanzi kilale bila kukaza, kisha fungeni kwa mshono mdogo unaoruka juu ya uzi wa kitanzi na kuingia upande wa pili.

Kitanzi kikikazwa, petali huwa mstari. Kikilegea sana, hunasa kwenye kila kitu. Kipimo changu ni kwamba kitambaa kionekane ndani ya kitanzi kwa upana unaolingana na unene wa uzi wenyewe. Ule mshono mdogo wa kufungia ndio unaoamua umbo la ncha: ukiwa mfupi na umebana, petali huchongoka, ukiupa upana wa milimita moja kwenda upande, ncha huwa butu, na pareto inataka ncha butu.

Msidarizi petali kwa kuzunguka kuanzia ya kwanza hadi ya kumi na sita. Anzeni na ya juu, ya chini, ya kulia na ya kushoto, kisha zile nne za katikati yake, kisha zilizobaki. Anayezunguka huku akifuatana na petali jirani huinamisha kila moja kidogo upande uleule, na akifika mwisho hukuta ua limepinda na nafasi ya petali ya mwisho imekwisha au imezidi.

Baada ya vitanzi kukamilika, pigeni mshono mmoja ulionyooka ndani ya kila kitanzi kwa uzi mmoja mweupe, kuanzia kwenye kitovu hadi karibu na ncha. Huo ndio mfereji wa petali niliousema mwanzoni, na bila huo kitanzi hubaki kinaonekana kitupu. Kisha, kwenye mianya kati ya ncha, wekeni mshono mmoja wa uzi wa kijivu hafifu, mfupi kuliko petali. Macho yatausoma kama petali za nyuma zilizo kivulini.

#12 | Mchangiaji, Tukuyu

Ugonile, dada. Mimi nimezoea kujaza petali zote kwa mishono iliyolala sambamba, na ninaona ua hung'aa zaidi kuliko la vitanzi. Je, kuna ubaya gani kwa pareto?

#13 | Mwenye uzi, Uyole

Hakuna ubaya, na kwa mkono uliozoea matokeo ni mazuri sana. Ninawaelekeza wanaoanza kwenye vitanzi kwa sababu petali ya pareto ina upana wa milimita chache tu, na kuujaza upana huo kwa mishono sambamba kunadai kila mshono uanze na kuishia mahali hasa. Atakayejaza azungushie kwanza petali kwa mshono wa kurudi nyuma, yaani ule ambao kila mshono hurudi hadi pale uliotangulia ulipoishia, kwa uzi mmoja, kisha mishono ya kujaza iupite mstari huo na kuufunika, ndipo ukingo unyooke. Aanzie katikati ya petali kuelekea upande mmoja, kisha arudi katikati kuelekea upande wa pili. Mishono ielekee urefu wa petali, kwa kuwa ndivyo petali ilivyokua na ndivyo mifereji yake inavyokwenda. Ikipita kwa upana, ua huonekana limefungwa bendeji. Kwa petali kubwa kuliko hizi, mshono wa kujaza usizidi sentimita moja, kwa maana ulio mrefu hunasa kwenye pete, kwenye kucha na kwenye kamba ya kuanikia.

#14 | Mwenye uzi, Uyole

Kitovu. Mshono ni fundo la kuzungusha. Sindano inatoka, uzi unashikwa kwa mkono wa pili na kukazwa, unazungushwa kwenye sindano mara moja au mbili, kisha ncha ya sindano inaingia kando ya pale ilipotoka. Isiingie kwenye tundu lilelile, kwa kuwa fundo litapenya na kupotelea nyuma. Kabla ya kuisukuma sindano, teremsheni mizunguko hadi iguse kitambaa na mkaze uzi. Shikilieni mkazo huo mpaka uzi wote upite.

Anayetaka fundo kubwa aongeze nyuzi badala ya mizunguko. Mizunguko minne au mitano huanguka upande na kuonekana kama kiwavi, ilhali nyuzi tatu kwa mizunguko miwili hutoa fundo la mviringo lililosimama.

Kumbukeni kwamba kitovu cha pareto hufunguka kutoka pembeni. Kwa hiyo duru ya nje iwe ya mafundo ya nyuzi tatu, njano iliyokolea, yakipanda kidogo juu ya mashina ya petali. Duru inayofuata iwe ya nyuzi mbili za rangi hiyohiyo. Katikati kabisa wekeni mafundo ya uzi mmoja au miwili, mzunguko mmoja, kwa njano yenye ukijani. Kitovu cha ukubwa wa kifungo cha shati huchukua mafundo 30 hadi 40 hivi. Yabanane. Kaniki isionekane kati yake.

#15 | Mchangiaji, Vwawa

Nimefuata hatua zote na ninashukuru. Huku kwetu Mbozi ningependa kudarizi ua la kahawa badala ya pareto. Je, mishono hiihii inatosha, au nitahitaji mingine?

#16 | Mwenye uzi, Uyole

Inatosha. Ua la kahawa lina petali tano nyeupe zilizotandazwa kama nyota, kwa hiyo ni vitanzi vitano, na safari hii mshono wa kufungia ubanwe ili ncha ichongoke. Tofauti iko kwenye mpangilio: maua ya kahawa hukaa kwa vishada mahali jani linapoungana na tawi, na majani huota mawili mawili yakitazamana. Jani la kahawa ni pana na linang'aa, na hapo ndipo mshono wa kujaza unapohitajika, ukiegemea kutoka kwenye uti kwenda ukingoni kwa kuinama.

Wa Uporoto na Makete wanaweza kuchukua ua la kiazi, jeupe au la zambarau kulingana na aina, ambalo petali zake tano zimeungana na katikati pamesimama koni ya njano. Petali zilizoungana hazitaki kitanzi, zinataka kujazwa. Na wale waliofika Kitulo, hifadhi iliyotangazwa mwaka 2005 na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, watakuwa wameona wakati wa masika yale maua marefu yaliyosimama kama mwenge, yenye vijiua vingi vinavyoning'inia. Hayo ni vitanzi vilivyoelekezwa chini, vikipangwa kwa safu, rangi ya njano chini na nyekundu ya machungwa juu, kwa kuwa vijiua vya chini hutangulia kufunguka na kupauka. Okidi za huko ninashauri zisubiri, kwa maana zinadai kuchanganya rangi ndani ya petali moja.

#17 | Mchangiaji, Iringa mjini

Nimeifua kaniki kama ulivyoelekeza, nimeipima, na kitambaa cheupe kimebaki cheupe. Ninakubali kwamba petali zinaonekana vizuri zaidi kuliko kwenye popilini yangu. Tumalizie basi na kufua na kupiga pasi kazi iliyokamilika, kwa kuwa wengi wetu bado tunatumia pasi ya mkaa.

#18 | Mwenye uzi, Uyole

Ninafurahi kusikia hivyo. Kazi iliyokamilika ifuliwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche isiyo kali. Haisuguliwi wala kukamuliwa. Inabonyezwa ndani ya maji, inasuuzwa kwa maji baridi mpaka povu liishe, kisha inalazwa juu ya taulo na kuviringishwa ili taulo linyonye maji. Ikaukie kivulini ikiwa imetandazwa. Iwapo mtaona rangi inaanza kutoka, msiiache ikauke hata kidogo. Endeleeni kuisuuza kwa maji baridi yanayotiririka, kwa kuwa rangi iliyokaukia kwenye uzi mweupe haitoki kwa urahisi.

Pasi ipigwe kitambaa kikiwa na unyevu kidogo, ua likitazama chini juu ya taulo nene lililokunjwa mara mbili, ili mafundo yazame kwenye taulo badala ya kubanwa. Kwa pasi ya mkaa, ipulizeni nje kwanza mpaka majivu yaliyolegea yatoke, futeni uso wake kwa kitambaa kikuukuu chenye unyevu, na mpime joto lake kwenye kipande cha kaniki kilichobaki. Wekeni pia kitambaa chembamba cha pamba kati ya pasi na mgongo wa kazi, kwa sababu cheche moja inayoruka kwenye tundu la pasi inatosha kutoboa petali. Pasi inainuliwa na kuwekwa, bila kuburutwa, na pindo la kitambaa linapigwa mwisho, kwa upande wa juu, baada ya ua lenyewe kukauka kabisa.